KASI HUANZA KWENYE BREKI

Wahenga walituusia kwamba haraka haraka haina baraka, na wengi wetu huichukua kauli hiyo kuwa ni amri ya kwenda taratibu siku zote. Sivyo. Mvuvi anayewahi maji, nahodha anayekimbia mbele ya tufani na daktari anayemwahi mgonjwa wote huenda kwa haraka, na hapana anayewalaumu. Kinacholaumiwa ni haraka isiyokuwa na matayarisho. Leo twakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano ambao huenda ukaonekana uko mbali na maisha yetu: kazi ya kuichukua motokaa kuukuu ya spoti, iliyoundwa kwa ajili ya barabara, na kuigeuza iweze kushindana katika uwanja wa mbio. Mwenye kuufuata mfano huu hadi mwisho atauona ukimgusa yeye, akiwa ni kijana mwenye gari, fundi mwenye gereji, au ofisa mwenye muhuri.

Tuchukue gari moja inayojulikana ulimwenguni, nayo ni Datsun 240Z. Gari hii ilitolewa na kiwanda cha Nissan cha Japani mwaka 1969, na nchini mwake iliitwa Fairlady Z. Huko Marekani, Bwana Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya kampuni hiyo, aliona kuwa jina hilo halifai kwa gari ya mbio, akahakikisha kwamba inauzwa kwa jina la 240Z. Injini yake ilikuwa ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wake sentimita za ujazo 2,393, ikilishwa petroli na kabureta 2. Springi za magurudumu yote 4 zilijitegemea, kila moja na lake. Breki za mbele zilikuwa za diski na za nyuma za dramu. Bei yake ya awali huko Marekani ilikuwa dola 3,526, ilhali magari ya Ulaya yenye sifa kama hizo yaliuzwa kwa bei kubwa zaidi. Si ajabu basi kwamba hadi mwaka 1978, ulipokoma uzao ule wa kwanza wa magari ya Z, yalikuwa yamekwisha kuuzwa zaidi ya 500,000.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kujulishwa gari hii. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliifahamu vizuri. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa ndani ya Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na gari ya aina hiyo hiyo ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe pamoja na Lofty Drews. Walifungana kwa alama na Harry Källström, aliyekuwa pia katika Datsun, na ikabidi kanuni ya kuamulia itumike ndipo mshindi apatikane.

GARI MOJA, KAZI MBILI

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Gari iliyotengenezwa kwa ajili ya Safari iliinuliwa juu ili isigonge mawe, ikafungwa bamba la chuma chini ya tumbo ili kuikinga injini, ikaongezwa taa kubwa za usiku, na bodi yake ikaimarishwa kila mahali penye kupata mshindo. Uzito ukaongezeka, na hapana aliyelalamika, kwani njia yenyewe ilikuwa ya matope, vumbi na makorongo.

Wakati huo huo, huko California, Pete Brock na karakana yake ya Brock Racing Enterprises walikuwa wakiitengeneza gari hiyo hiyo kinyume kabisa. Waliishusha chini ili uzito wake ukae karibu na ardhi. Waliondoa kila kisichohitajika ili iwe nyepesi. Mbele, chini ya bampa, walifunga kizuizi cha upepo, kwa sababu 240Z ilipokwenda kwa kasi kubwa upepo uliingia chini ya pua yake na kuipunguzia mshiko magurudumu ya usukani. Ikiendeshwa na John Morton, gari hiyo yenye namba 46 ilinyakua ubingwa wa taifa katika daraja la C wa chama cha magari ya spoti cha Marekani, mwaka 1970 na tena mwaka 1971.

Basi, gari ni moja, mwaka ni ule ule, na wote wawili walishinda; lakini lau mmoja angeipeleka gari yake katika shindano la mwenziwe asingefika mbali. Kwa hiyo hapana kitu kiitwacho gari iliyoboreshwa, bila kutaja imeboreshwa kwa kazi gani. Kila badiliko ni biashara: unapata kitu, na unatoa kitu. Fundi asiyeweza kumweleza mwenye gari ni kipi anachokitoa, huyo hajaijua kazi yake.

MPANGILIO WA KAZI

Mtu anayenunua gari kuukuu ya spoti na kutaka kuipeleka uwanjani, kwa kawaida fikira yake ya kwanza huenda kwenye injini. Hutamani mlio na nguvu. Mafundi wenye uzoefu huanza mwisho wa pili wa kamba.

Jambo la kwanza ni bodi. Datsun 240Z haina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Mabati yake ni membamba, na sifa yake mbaya kuliko zote ni kutu. Kutu huanza chini ya betri, ikatambaa katika sakafu, ikaingia ndani ya mihimili inayopita chini ya viti, ikajificha nyuma ya rangi nzuri. Sisi tuishio visiwani hatuna haja ya kuhubiriwa habari ya kutu. Hewa yetu ina chumvi, na kila mwenye baiskeli, bati la nyumba au mlango wa chuma ameiona kazi yake. Inatosha kusema kwamba gari iliyooza sakafu haifai kuongezewa hata chembe ya nguvu. Atakayeifunga injini kubwa ndani ya bodi mbovu ni sawa na mwenye kutweka tanga kubwa juu ya jahazi lenye mbao zilizoliwa na mchwa wa bahari. Upepo ukija, tanga litafanya kazi yake barabara. Ni jahazi ndilo litakalopasuka.

Jambo la pili ni breki. Hapa hesabu ya shule yatosha. Nguvu iliyomo ndani ya gari inayokwenda haiongezeki sawa na kasi, bali huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari ikiongeza mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 160, mwendo umezidi mara 2, lakini kazi ya breki imezidi mara 4. Nguvu hiyo yote haina pa kwenda ila kugeuka joto katika diski na pedi. Barabarani breki hupigwa mara moja, kisha zikapata nafasi ya kupoa. Uwanjani hupigwa katika kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, hazipati hata dakika ya kupumua.

Joto hilo huyafikia mafuta ya breki, na mafuta hayo yana tabia ambayo kila dereva wa pwani yafaa aijue: hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huteremka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Dereva hukanyaga breki na pedali ikazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Ndiyo maana wenye kushindana hubadili mafuta hayo mara kwa mara, hufunga pedi zinazostahimili moto, na huelekeza mifereji ya hewa kutoka mbele ya gari hadi kwenye diski. Kazi hii haina mlio wala haimvutii mpita njia, na gharama yake ni ndogo kuliko ya injini. Pamoja na hayo, ndiyo inayompunguzia dereva muda wa kila mzunguko, kwa kuwa anayeziamini breki zake huchelewa kuzikanyaga.

Jambo la tatu ni tairi, springi na shokapu. Rimu za awali za 240Z zilikuwa na upana wa inchi 4.5 tu. Mguu wa gari ni pale tairi linapogusa lami, napo hapazidi sana kiganja cha mtu. Kila kitu kingine ndani ya gari ni utumishi kwa kiganja hicho. Kwa hiyo hufungwa rimu pana zaidi, springi ngumu zaidi, na mipira iliyozeeka ya maungio hubadilishwa. Magurudumu huinamishwa kidogo kwa ndani upande wa juu, ili gari inapolala katika kona tairi la nje likae sawasawa juu ya lami. Hata hapa kuna mpaka. Anayeishusha gari kupita kiasi kwa ajili ya sura, shokapu zitagota mwisho, na fito za usukani zitakaa katika pembe isiyokusudiwa, hata gari ikawa inajigeuza yenyewe kila inapopita juu ya tuta. Iliyo chini mno ina sura ya kasi, lakini haina kasi.

INJINI NI YA MWISHO

Yakishakamilika hayo ndipo ifikiriwe injini, na hata hapo jambo la kwanza si nguvu bali ni uhai wake. Rejeta ya barabarani haitoshi uwanjani. Oili nayo, gari inapolala katika kona ndefu, hukimbilia upande mmoja wa sampu na kuiacha pampu ikinyonya hewa. Sekunde chache za namna hiyo zatosha kuzisaga beringi. Kwa hiyo hutiwa vizuizi ndani ya sampu, na chombo cha kupoza oili hufungwa mbele penye upepo.

Kisa cha Brock na injini za mwanzo za 240Z chafaa kukumbukwa. Injini hizo zilikuwa imara barabarani. Lakini zilipozungushwa kwa kasi kubwa ya mashindano, krenkshafti, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ulitetema vibaya. Hapana kabureta wala kemshafti ambayo ingeponya ugonjwa huo. Kinyume chake, kila nguvu iliyoongezwa iliuzidisha. Ilibidi wenye karakana wapeleke habari kwa waliounda injini, na kiwanda kikaubadili mhimili wenyewe. Fundisho lake ni kubwa: kasoro iliyojificha katika kazi ya kawaida hudhihirika katika kazi ngumu, na mwenye kuiona hana budi kusema, na mwenye kuambiwa hana budi kusikia. Lau fundi wa California angenyamaza kwa aibu, au mhandisi wa Japani angekataa kwa kiburi, ubingwa ule usingepatikana.

Baada ya hayo yote ndipo zifungwe kabureta 3 kubwa mahali pa zile 2, kemshafti iliyochongwa kwa ajili ya mbio, na difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure. Msomaji ataona kwamba kile ambacho kijana wetu angekianza, fundi amekiweka mwishoni.

ULINZI WA MTU

Kanuni za shirikisho la kimataifa la magari, FIA, zimeweka wazi namna ya kumkinga dereva. Ndani ya gari hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma. Upinde wake mkuu, ulio nyuma ya mabega ya dereva, hutengenezwa kwa bomba lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa unene wa 2. Kiti na mikanda ya kujifunga vina tarehe ya kumalizika, kama dawa, hata vikiwa bado vinang'aa. Kichwa na shingo hushikiliwa kwa kifaa maalumu kilichobuniwa na Mmarekani Robert Hubbard, ambacho wengi walikidharau kwa miaka mingi. Ilikuwa baada ya kifo cha bingwa Dale Earnhardt huko Daytona, mwezi wa Februari 2001, ndipo wakuu wa mashindano yale wakalazimisha vifaa vya aina hiyo mwaka huo huo. Hekima ilikuwapo mezani, ikangojea jeneza.

Kisha huja mkaguzi. Kabla ya gari kuingia uwanjani, mtu ambaye hakuijenga, wala hana faida akiiruhusu, huipitia kipande kwa kipande: viungo vya kizimba, mikanda, nati za magurudumu, bomba la petroli, kizimamoto, swichi ya kukata umeme. Akikataa, gari haiingii, hata kama mwenyewe ametoka safari ya siku 2 na ametumia akiba yake yote. Heshima ya mchezo mzima imesimama juu ya neno lake la "hapana".

YANAYOTUHUSU

Sasa tugeukie kwetu. Magari mengi yanayotembea katika visiwa vyetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na vijana wetu wana mikono myepesi na macho ya kuona. Wanashusha magari, wanabadili ekzosti, wanafunga rimu pana. Hatusemi kwamba kupenda gari ni kosa. Fundi hodari huanza kwa kupenda. Tunalolisema ni kwamba gari ya uwanjani haiwi gari bora ya barabarani. Pedi za mashindano hazishiki vizuri mpaka zipate moto. Mtoto anayekatiza barabara asubuhi hawezi kuzingojea zipate moto. Tairi za mashindano zina michirizi michache, na mvua ya masika ikimwagika huelea juu ya maji. Kizimba cha chuma, ambacho humwokoa dereva aliyevaa helmeti, chaweza kumvunja fuvu asiyevaa. Kila hatua ya kuikaribia mbio ni hatua ya kuiacha barabara.

Mataifa mengine yalijifunza hayo kwa damu. Mashindano ya Mille Miglia ya Italia yalikimbizwa katika barabara za kawaida, watu wakisimama pembeni kwa maelfu. Mwezi wa Mei 1957 tairi moja lilipasuka, na gari ya Alfonso de Portago ikawavamia watazamaji. Alikufa yeye, msaidizi wake na watazamaji 9, watoto wakiwamo. Mbio zile za kasi katika barabara za watu zikakomeshwa. Ikiwa madereva waliokuwa miongoni mwa bora ulimwenguni, katika magari mapya, hawakuweza kuifanya barabara ya wazi kuwa uwanja salama, kijana wa mtaani aliyefunga springi zilizokatwa kwa msumeno hawezi.

Na maofisa wetu wasidhani kwamba maneno haya ni ya vijana peke yao. Watu wa visiwani wanajua vyema maana ya chombo kulazimishwa kupita kiasi cha kazi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Bahari na uwanja wa mbio vina sheria moja: chombo hakijali cheo cha aliyekiruhusu. Mkaguzi wa gari, mkaguzi wa meli na mkaguzi wa lifti ya jengo wote wanafanya kazi moja, na kazi hiyo haina thamani yoyote ikiwa neno la "hapana" laweza kununuliwa, au kubatilishwa kwa simu.

Wako watakaouliza: je, si bora gari kuukuu kama hizi zihifadhiwe kama zilivyo? Swali ni la haki. Mwezi wa Januari 2020 Datsun 240Z moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa kama ilivyotoka kiwandani, iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Mwenye kuipata ya namna hiyo akaikata ili atie kizimba, ameharibu kitu kisichorudi. Lakini ziko nyingine ambazo kutu imekwisha kula, ambazo injini yake ya asili imepotea zamani. Hizo kuzipa maisha ya pili uwanjani si hasara. La muhimu ni kuamua mapema, kabla ya msumeno kugusa bati, na kuandika kila badiliko ili ajaye baadaye ajue kilichofanywa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika vyuo vyetu vya ufundi somo la breki, kutu na ukaguzi lipewe uzito sawa na somo la injini, na mwanafunzi asipasi mpaka aweze kuikataa gari mbovu na kueleza kwa nini. Pili, sheria iseme bayana ni mabadiliko gani yanayoruhusiwa barabarani na yapi hayaruhusiwi, ili trafiki asibaki na hiari ya kukisia na kijana asibaki na kisingizio cha kutojua. Tatu, wenye kipaji wasifukuzwe tu mitaani. Watafutiwe mahali palipofungwa, penye mkaguzi, gari la wagonjwa na muda maalumu, wapimane huko.

Kasi si adui wa watu. Iliwafikisha Herrmann na Mehta kwenye ushindi katika ardhi yetu ya Afrika ya Mashariki, na kila siku humfikisha mgonjwa hospitali. Lakini mwenye kuitaka aanze pale fundi mwerevu anapoanza: aitazame sakafu kama imeoza, abadili mafuta ya breki, ampe mtu mwingine nafasi ya kumkatalia. Akishakubaliwa, ndipo aiwashe injini.